Mshenga Aliyebakiwa na Neno Moja

Pale Ilomba, Mbeya, mtu akitaka kuoa kwenye ukoo mgumu, alikuwa anaambiwa, "Kamtafute Mzee Lusekelo." Walimfuata kutoka Uyole, kutoka Iyunga, hata kutoka Mbalizi. Alikuwa mstaafu wa reli, mrefu, mwenye koti la kijivu na sauti nzito iliyotoka kifuani bila haraka. Akisimama mbele ya wakwe na kusema, "Wazee wetu, tulikuwa tunapita njia, tukasikia harufu nzuri inatoka nyumbani kwenu," hata baba mkwe aliyenuna tangu alfajiri alijikuta anamtafutia kiti chenye mto. Habari za mahari aliwaachia wengine. Yeye alisema kazi ya mshenga ni kulainisha mioyo, na mioyo hulainishwa kwa maneno.

Kiharusi kilimkuta asubuhi akinyoa ndevu. Wembe ulimponyoka, akautazama ukianguka, akashangaa kwa nini mkono hautaki kuufuata. Mke wake, Tumpe, alisikia kishindo akiwa jikoni. Alipofika alimkuta sakafuni, povu la sabuni shavu moja, mdomo umekwenda upande.

Hospitalini waliwahi, na uhai ukabaki. Mkono wa kulia ulilegea, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta. Lakini hayo Lusekelo aliyapokea. Kilichomvunja kilitokea siku aliyofumbua macho vizuri, akamwona Tumpe kando ya kitanda, akataka kumwambia, "Mama Sifaeli, usilie, nipo." Maneno yote aliyaona kichwani, yamejipanga kama abiria wenye tiketi. Akafungua mdomo.

"Kabisa," akasema.

Akashtuka. Akajaribu tena. "Kabisa. Kabisa, kabisa."

Daktari aliwaeleza kwamba ugonjwa umepiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako maneno hutengenezwa. Mzee anasikia, anaelewa, akili yake ni ile ile. Njia ya kutolea maneno ndiyo imeharibika. Kwa nini limebaki neno hilo na si lingine, hakuna aliyejua.

Na kati ya maneno yote, hilo ndilo lililomtesa zaidi, kwa sababu lilimfanya akubali kila kitu. Mchungaji alikuja nyumbani kumwona.

"Mzee wetu, unaendelea vizuri?"

"Kabisa."

"Bwana asifiwe! Na uji unakunywa?"

Kichwani Lusekelo alikuwa anasema: Mchungaji, uji huu hauna sukari wala ladha, na nikiletewa bakuli jingine nahama nyumba hii na mguu wangu mmoja. Mdomoni likatoka, "Kabisa." Tumpe, kwa furaha, akamwongezea bakuli.

Watu waliondoka wakisema mzee ana moyo mkuu, halalamiki. Hakuna aliyejua kwamba anazama. Baada ya muda alianza kugeuza kiti chake kikatazama ukuta. Akikatiwa kucha anatoa mkono kama si wake. Zoezi la kufinya mpira alilopewa hospitalini aliligusa siku za mwanzo, kisha mpira ukaishia chini ya kitanda na yeye hakuuulizia. Tumpe alimfanyia kila kitu: alimlisha, akamvisha, akamjibia salamu. Kadiri alivyomfanyia ndivyo Lusekelo alivyozidi kupungua, kama sabuni iliyoachwa kwenye maji.

Siku ya kliniki Tumpe alishindwa kujizuia. Akamwambia mtaalamu wa mazoezi, binti mmoja wa mjini anayeitwa Nusrat, "Mwanangu, mume wangu yupo lakini hayupo. Analia akidhani nimelala. Nikimuuliza kama ana huzuni ananijibu kabisa, nami sijui kama ni ile kabisa ya kweli au ni hii ya ugonjwa."

Nusrat akavuta stuli, akakaa, lakini hakumtazama Tumpe. Alimtazama Lusekelo.

"Babu, huzuni baada ya kiharusi si deko wala si upungufu wa imani. Ni sehemu ya ugonjwa kama huo mkono ulivyo, nayo hutibiwa. Nitaongea na daktari leo hii. Lakini kuna dawa nyingine ambayo duka la dawa hawana, nayo ni watu. Alhamisi wazee wenzako wanakutana hapa kwa mazoezi. Njoo. Ukichukia, usirudi tena."

Lusekelo alitaka kusema hapana. Mnajua kilichotoka.

Basi Alhamisi akapelekwa. Walikuwa wazee kama darasa dogo, wengine wa kiharusi, wengine waliovunjika nyonga, wamekaa kwenye viti vya plastiki uani, baridi ya Mbeya ikiwakung'uta. Aliwekwa jirani na mzee mfupi mwenye kofia ya kufuma na fremu ya chuma ya kutembelea. Yule mzee hakungoja kutambulishwa.

"Mimi Othmani. Nauza vitambaa Mbalizi. Nilipanda ngazi kumshushia mteja jora la juu kabisa, nikashuka mimi kabla ya jora. Nyonga hii. Na wewe mwenzangu jina nani?"

"Kabisa."

"Haya, Bwana Kabisa. Hapa pana baridi, tusogee kule juani?"

"Kabisa," akasema Lusekelo, ambaye mguu ulikuwa unamuuma na hakutaka kusogea hata hatua moja.

Othmani alishika fremu yake ainuke, kisha akasita. Akamtazama Lusekelo usoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mdomo umesema ndiyo," akasema, "lakini macho yamesema niache. Mimi nimeuza vitambaa tangu ujana. Mteja anayesema 'kizuri sana' huku macho yako mlangoni ninamjua. Tubaki hapa hapa."

Lusekelo akageuza uso kumtazama. Tangu augue, huyu ndiye mtu wa kwanza aliyebishana na lile neno.

Baadaye Nusrat aliwainua watembee kuzunguka ua, wanaoweza wakishikilia ukuta, wasioweza wakishikwa. Ili hatua ziende pamoja aliomba wimbo. Bibi mmoja wa Tukuyu akaanzisha wimbo wa harusi wa Kinyakyusa, ule wa kumsindikiza bibi harusi, na wengine wakaupokea. Lusekelo alikuwa ameusikia wimbo ule nyumba ngapi! Alikuwa amesimama katikati yake, koti limenyooshwa, kazi imekwisha, akina mama wanapiga vigelegele. Mguu wa kushoto ukaenda, wa kulia ukafuata, na bila yeye kuamua, sauti yake nzito ikaingia kwenye wimbo.

Na iliingia na maneno. Ubeti mzima, kila neno mahali pake.

Tumpe, aliyekuwa kwenye benchi, alidondosha kikapu. Wimbo ukakatika, wote wakageuka.

"Baba Sifaeli! Umesema!"

Lusekelo alisimama, ameshika ukuta. Imefunguka, akawaza. Imerudi! Akavuta pumzi, akakohoa kama alivyokuwa akikohoa mbele ya wakwe, akanyanyua mkono wa kushoto kuishukuru hadhira.

"Kabisa," akasema.

Kisha Othmani akaanza kucheka, akaegemea fremu asianguke. Bibi wa Tukuyu naye akacheka. Na Lusekelo, ambaye hakuwa amecheka tangu siku ya wembe, alihisi kicheko kikimpanda kutoka tumboni, akacheka mpaka machozi yakashuka kwenye ndevu ambazo hakutaka kunyolewa.

Nusrat aliwaeleza jambo lenyewe kwa urahisi. Maneno ya kawaida hupita upande mmoja wa ubongo, wimbo hupita zaidi upande wa pili. "Barabara kuu ikikatwa na maporomoko kule mlima Kitonga, magari yanafanyaje?"

"Yanapita mchepuko," Othmani akajibu.

"Basi na Babu tutamtafutia mchepuko."

"Mchepuko!" Tumpe akadakia. "Kwa umri huu? Mimi nikiwa hai?"

Walicheka tena, na siku hiyo Lusekelo alirudi nyumbani akala chakula chote.

Zoezi lilikuwa hivi: achukue sentensi fupi, aivute kwa sauti ya kupanda na kushuka kama wimbo, huku mkono wake wa kushoto ukipiga mapigo taratibu kwenye paja. Na-o-mba-cha-i. Hospitalini aliweza. Nyumbani aligoma. Mzee mzima, mshenga wa watu, aimbe ili apewe chai? Akaufumba mdomo wake, akarudi kwenye ukuta.

Jumapili alasiri bajaji ilisimama mlangoni, akashuka Othmani na fremu yake, jasho linamtoka kana kwamba amekuja kwa miguu. Hakuuliza hali. Alikaa mbele ya Lusekelo, akaziba ule ukuta kwa mwili wake.

"Binti wa mazoezi ameniambia umegoma, eti unaona aibu kuimba. Sikiliza. Siku za mnada pale Mbalizi mimi nilikuwa napanda juu ya meza, naimba, 'Njoo mama, shika mama, kitenge kama hiki hukioni tena!' Nina wake, nina watoto, nina ndevu. Hakuna aliyeniita mtoto. Walinunua. Wewe ulipokuwa unawaambia watu umesikia harufu nzuri inatoka nyumbani kwao, ulikuwa unafanya nini kama si kuimba? Ulikuwa unaimba bila ngoma, basi."

Lusekelo alimtazama. Mkono wa kushoto ukatulia juu ya paja muda mrefu. Kisha ukapiga.

"Na-o-mba," akaanza, na jasho likamtoka, "cha-i. Ya. Mge-ni."

Jikoni Tumpe alikaa chini kwanza, ndipo akachemsha maji.

Tangu hapo kazi ikaanza, na haikuwa kazi laini. Maneno yalikuja, lakini yalikuja kama kuku waliotoroka bandani: unamwita huyu anakuja yule. Alitaka kofia akasema sufuria. Mchungaji alipobisha hodi, Lusekelo alimkaribisha kwa sauti ya kupendeza, "Ka-ri-bu ku-ku," na mchungaji, Mungu ambariki, akaingia na kukaa. Siku nyingine hakikutoka chochote, akatupa kikombe. Siku hizo Tumpe alifungua mlango, akampeleka nje kuangalia barabara, wakarudi jioni hasira ikiwa imepoa.

Tumpe naye alikuwa na zoezi lake, na alisema lake ni gumu zaidi. Nusrat alimkataza kumjibia. "Bibi, akitafuta neno, usimletee. Mngoje." Tumpe alikuwa mtu wa haraka tangu kuzaliwa. Lusekelo akisema "Ni-le-te-e..." yeye mdomo ulimwasha: maji? redio? fimbo? mlango ufungwe? Alijifunza kuuma pindo la kanga yake. Alingoja, pindo kinywani, macho yamemtoka, na mara nyingine neno lilikuja lenyewe, na Lusekelo alilitamka kwa fahari kama mtu aliyevuta samaki. Mashati nayo aliacha kumvisha. Alimpa la vifungo vikubwa akakaa pembeni, anamtazama mume wake akipambana nalo kwa mkono mmoja na nusu, mpaka linapita.

Ndipo akaja Asukile.

Asukile ni mtoto wa Sifaeli, mjukuu wa kwanza, mwalimu wa sekondari Mafinga. Alikuja likizo akiwa na uso wa mtu aliyebeba habari. Amepata mchumba, anaitwa Juliana, ni mtu wa Tosamaganga kwa Wahehe, wazazi wake Wakatoliki wakulima. Wazee wa huko wameshasema wako tayari kumpokea mshenga.

Ukoo ulikutana sebuleni. Aliyeongoza kikao ni Jofrey, mdogo wake Lusekelo, mtu mwema mwenye gari na sauti kubwa.

"Mimi nitakwenda," Jofrey alisema. "Kazi ya kaka naijua, nimemsikia mara nyingi. Kaka yeye apumzike. Tukirudi tutamsimulia."

"Babu Jofrey, naomba unisamehe," Asukile akasema, ameinamisha kichwa. "Mimi tangu nikiwa mdogo nilijua mshenga wangu ni Babu."

"Mjukuu wangu, mimi simkatai. Lakini Wahehe wale hawana masihara. Mtu akisimama mbele yao akasema kuku badala ya mchungaji, itakuwaje? Naogopa watamcheka. Sitaki kumwona kaka yangu anachekwa."

Wakaendelea hivyo, huyu akisema wazee wapumzike, huyu akisema labda aende akae tu kwenye kiti, na wote walizungumza kama vile Lusekelo ni kabati lililosimama kwenye kona. Yeye alikuwa anasikia kila neno. Hasira ilimpanda, na kwa mara ya kwanza aliifurahia, maana mtu mwenye hasira ana jambo analolitaka. Mkono wa kushoto ukapiga meza. Vikombe vikaruka.

Wote wakamgeukia.

Mkono ukapiga tena, taratibu sasa.

"Na-kwe-nda," Lusekelo akasema. "Mi-mi."

Jofrey akafungua mdomo. Tumpe akamkazia macho, akaufunga.

"Wa-che-ke," akamalizia Lusekelo.

Tangu siku hiyo mazoezi yalikuwa na kazi ya kufanya. Nusrat aliposikia alipiga makofi, akaacha habari za chai, wakaanza kuandaa maneno ya posa, sentensi moja moja, kwa mapigo. Lusekelo alichagua maneno mwenyewe. Mguu nao alitaka uende. Alisema, kwa kirefu na kwa jasho, kwamba mshenga hashushwi kwenye gari kama gunia. Alipanda na kushuka ngazi za kanisa mpaka mlinzi akamzoea. Na aliweka sharti moja: Othmani aende naye.

"Aende kama nani?" Jofrey akauliza.

"Mdomo wa akiba," Othmani akajibu. "Kama tairi."

Walisafiri, Tumpe akiwemo, na gari la Jofrey, Noah iliyooshwa ikang'aa. Wakaipita Chimala na mashamba yake ya mpunga, wakanywa chai Makambako kwenye upepo mkali, wakapita misitu ya Mafinga iliyosimama mistari mistari. Njia nzima Jofrey alisema, "Kaka, wewe utasalimia tu, kisha utanipisha." Njia nzima Lusekelo aliangalia nje, mkono wa kushoto ukipiga pajani.

Tosamaganga walipokelewa na baba wa Juliana, Bartholomeo, mtu mpole mwenye mikono ya jembe, wakaketishwa kwenye sebule iliyojaa watu. Lakini aliyekuwa na nguvu pale ilionekana mara moja kuwa ni dada yake Bartholomeo, shangazi mtu, Veneranda. Mama mnene, mfupi, kitambaa cheupe kichwani, amekaa katikati kama hakimu.

"Kamwene," akawasalimu.

"Kamwene," wakaitikia.

"Tunaona wageni. Mmetoka mbali, kwenye nchi ya ndizi. Mmepotea njia, au mmefuata nini?"

Jofrey alianza kuinuka. Lusekelo akawahi. Aliinuka kwa fimbo, bila kushikwa, akanyoosha koti lake la kijivu. Mkono wa kushoto, uliokuwa umeshika fimbo, ukaanza kuigonga sakafuni polepole.

"Wa-ze-e we-tu," akasema. Sauti ilikuwa ile ile, nzito, isipokuwa sasa ilitembea hatua hatua. "Tu-li-pi-ta nji-a. Tu-ka-o-na..."

Akasimama. Neno lilikuwa ni ua. Tumeona ua katika bustani yenu. Alikuwa amelisema mara nyingi mpaka Tumpe analiota. Aliliona kichwani, jekundu, zuri. Akanyoosha mkono wa maneno kulichukua.

"...ki-tu-ngu-u," akasema. "Ka-ti-ka bu-sta-ni ye-nu."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Asukile hakuwepo, na ni heri hakuwepo. Jofrey alifunika uso, kisha akainuka kuokoa jahazi, lakini Othmani alikuwa amemshika pindo la koti, akamrudisha kitini. Tumpe aliuma kanga yake yote.

Veneranda akakunja nyusi. "Nimesikia vizuri? Binti yetu, aliyesomeshwa, aliyelelewa, mnamwita kitunguu?"

Lusekelo alijua amekosea. Lile joto la aibu lilipanda shingoni, lile lililokuwa likimgeuza kuelekea ukutani. Angeweza kukaa. Lakini alimtazama yule mama machoni, kama Othmani alivyomtazama yeye siku ile ya baridi, akaona ndani ya macho yale kitu kinachochezacheza. Huyu mama hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja kuona mshenga atatokaje. Na mshenga aliyekuwa amelala ndani ya Lusekelo akaamka, akanyoosha viungo.

Fimbo ikagonga.

"Mbo-ga," akasema.

Wakangoja.

"Bi-la. Ki-tu-ngu-u."

Wakangoja tena. Watu walikuwa wameinama mbele kwenye viti vyao. Hakuna msemaji aliyewahi kusikilizwa hivyo katika nyumba ile.

"Ha-i-na. La-dha."

Sebule ililipuka. Akina mama walipiga vigelegele, Bartholomeo akapiga goti lake, watoto waliokuwa wanachungulia dirishani wakaanza kuimba kitunguu, kitunguu. Veneranda alijitahidi kubaki hakimu, mdomo ukimtetemeka.

"Sawa. Lakini mjue kitunguu chetu ni kikali. Ukikimenya kinaliza. Huyo kijana wenu ataweza?"

Hilo halikuwemo kwenye mazoezi. Lusekelo alifumba macho. Mkono ukapiga, ukapiga, ukapiga. Tumpe aliliona neno likimjia mume wake kwenye midomo, akalijua, akaliacha.

"Wa-ta-li-a," akasema Lusekelo, akafumbua macho, akamtazama mke wake, "pa-mo-ja."

Veneranda alijifuta macho kwa kona ya kitambaa chake. "Mleteeni mzee huyu kiti," akasema. "Chenye mto."

Mambo mengine yakaenda kama maji mteremkoni. Jofrey alisema yaliyobaki, na alisema vizuri, kila mara akigeuka kumwuliza, "Sivyo, kaka?" Chakula kikaletwa, ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukamiminwa, Othmani akapewa birika lake la chai ya tangawizi. Harusi ilikuja kufungwa baada ya mavuno, na Juliana mpaka leo anaitwa Kitunguu na wakwe zake, naye anaitika.

Lakini siku ile ile, baada ya kula, Veneranda alimsogelea Lusekelo akainama sikioni mwake.

"Mzee, samahani. Huo ugonjwa wako, ni kiharusi?"

"Ndi-yo."

"Njoo nikuonyeshe."

Alimpeleka yeye na Tumpe kwenye chumba cha nyuma, karibu na jiko. Kitandani alikaa mzee mmoja mwenye mvi, amevishwa shati safi, amefunikwa blanketi miguuni, anatazama dirisha lililofungwa. "Ni kaka yetu mkubwa, Sosthenes," Veneranda akasema kwa sauti ya chini. "Yeye ndiye aliyepaswa kukupokea leo. Tangu kipupwe kilichopita hasemi. Wageni wakija tunamwacha apumzike, asije akaona haya. Halalamiki."

Lusekelo alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikaa muda wa kutosha mpaka wale wawili wakawa wanatazama kitu kimoja, lile dirisha. Kisha akauchukua mkono mzima wa Sosthenes, akauweka juu ya wake, akaanza kupiga pajani.

"Ka-mwe-ne," akasema. "Ka-mwe-ne."

Sosthenes aligeuza kichwa.

Veneranda akafungua mdomo amwitikie mgeni kwa niaba ya kaka yake. Tumpe akamgusa mkono. "Ngoja, dada," akanong'ona. "Ni vigumu, najua. Uma kanga."

Wakangoja. Nje watu walikuwa wanacheka. Midomo ya Sosthenes ilikusanyika, ikaachia, ikakusanyika tena.

"...mwene," akasema.

Veneranda alikaa chini pale pale mlangoni.

Hawakumrudisha tena dirishani. Bartholomeo na Jofrey walimkalisha kwenye kiti, wakambeba nacho mpaka uani, kwenye jua la alasiri, wakamweka mezani kati ya wageni, na Juliana akaja kumpigia goti akiwa na bakuli la nyama. Lusekelo, aliyekuwa anakumbuka uji ule wa kwake, alilisogeza bakuli mpaka mkono wa Sosthenes ukalifikia, akamwachia kijiko.

"A-li-pe-nda ni-ni?" akamwuliza Veneranda.

"Nini? Huyu? Kubishana mpira, mzee wangu! Alikuwa hamwachi mtu. Simba damu."

Othmani, ambaye ni Yanga tangu utotoni, aliweka kikombe chake chini taratibu. Akavuta fremu, akasogea, akakaa uso kwa uso na Sosthenes, akatikisa kichwa kwa huzuni nyingi.

"Pole sana, mzee mwenzangu," akasema. "Kumbe una magonjwa mawili."

Sosthenes akaacha kutafuna. Mkono wake mzima ukainuka kutoka kwenye bakuli, kidole kikamwelekea Othmani katikati ya kifua, na kooni mwake ikatoka sauti isiyokuwa neno lolote lakini kila mtu pale uani aliielewa. Ilikuwa ni mtu anabisha.

"Ahaa!" Othmani akasema, akavuta kiti karibu zaidi. "Endelea. Nakusikiliza."

Jofrey alipiga honi, akawaambia safari ni ndefu na Makambako kuna ukungu. Akapiga tena. Hakuna aliyeinuka.